Na kama angekuwa ombaomba tu?

Jana usiku nimekaa na zile video tena mpaka macho yakaanza kuwasha. Zile za mbabe anamchokoza mtu asiyemjua, kumbe kamgusa asiyeguswa. Mtu kakaa zake kimya, mwembamba, kofia kaivuta mpaka machoni, wanakuja wawili watatu wanamsukuma, wanamwagia maji, wanacheka, na sisi tunaoangalia tunajua kitu ambacho wao hawakijui. Utamu wenyewe upo hapo, kwenye zile sekunde kabla. Kipigo kikija mi nakuwa nimeshashiba zamani.

Kuna yule jamaa wa Ukraine, mnyanyua vyuma, mtandaoni anajiita Anatoly, anaingia jimu kavaa ovaroli na ndoo yake na mopu kama mtu wa usafi, anawaomba wenye misuli wasogee kidogo apige deki, wanamtazama kama kiti, halafu anainama ananyanyua kwa wepesi kabisa chuma ambacho wenzie kilikuwa kinawatoa jasho. Ile ni ya kupangwa, na wengi anaowakuta hawana ubaya wowote, ila ile sura ya mwanzo, ile ya kumwona mtu wa mopu na kumtoa akilini hapohapo, ile hakuna aliyeiigiza.

Na zipo ambazo hazikupangwa. Januari 2019 pale Rio de Janeiro mwanaume mmoja alimfuata mwanamke aliyekuwa nje ya jengo analoishi anasubiri gari, akataka simu yake, akamwambia nina bastola. Huyo mwanamke ni Polyana Viana, wakati ule mpiganaji wa UFC, ile ligi kubwa ya mapigano ya ngumi, mateke na kukabana. Na bastola ilikuwa ya boksi, boksi la karatasi limekatwa umbo la bastola. Akala ngumi mbili na teke, akakabwa, akashikiliwa palepale mpaka polisi walipofika, na picha ya uso wake baada ya hapo ikazunguka dunia. Niliposoma habari ile mara ya kwanza nilisimama, peke yangu chumbani, nimesimama nimekunja ngumi kama mimi ndo nimeponea.

Naziandika hizi kwa sababu jana baada ya kuzima simu sikupata usingizi, na kilichonikosesha usingizi ni swali ambalo nadhani nimelikwepa miaka mingi. Mi nilikuwa mtoto wa kuonewa. Kwa hiyo nikisema napenda hizi stori sisemi kama mtu anayependa mpira, nasema kama mtu aliyekuwa akilala kila siku anajitungia moja kabla ya usingizi, kwamba kesho wakija watashangaa, kwamba kuna kitu nilifundishwa nikiwa mdogo mikono yangu inakikumbuka. Hakikuwepo kitu. Asubuhi ilikuwa inafika na mikono ni ileile.

Stori ya zamani ninayoipenda kuliko zote ni ya Julius Caesar na maharamia. Ilikuwa kama mwaka 75 KK, yeye kijana tu wa miaka ishirini na kitu, anasafiri bahari ya Aegean, maharamia wakamkamata karibu na kisiwa cha Pharmacusa. Wakataka fidia talanta 20 za fedha. Akawacheka, akawaambia nyie hamjui mmemkamata nani, ombeni 50. Akawatuma watu wake wakatafute hiyo hela na yeye akabaki na watu watatu tu katikati ya wauaji, siku 38, na hizo siku zote akaishi kama wao ndo walinzi wake. Akitaka kulala anatuma mtu awaambie wanyamaze. Akaandika mashairi na hotuba akawasomea, wasiposifia anawaita washenzi wasiojua kusoma. Na mara nyingi aliwaambia nikitoka hapa nitawanyonga. Wakacheka sana, wakaona kijana mchangamfu huyu, anajua utani.

Fidia ikaletwa toka Miletus, wakamwachia. Akaenda moja kwa moja Miletus akapata merikebu na watu, akarudi akawakuta bado wametia nanga palepale kisiwani. Akawapeleka gerezani Pergamon, na alipoona gavana wa jimbo anasuasua kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye mali zao, akaenda mwenyewe akawasulubisha wote. Plutarch, mwandishi wa kale, kaisimulia hivyo, na mwenzie Suetonius akaongeza kwamba kwa huruma aliwakata makoo kwanza kabla ya msalaba. Kwa huruma! Nilivyokuwa kijana nilikuwa naruka hicho kipande, naenda tena mwanzo, kwenye kicheko chao. Napenda pale anaposema 50. Yaani mtu ana uhakika na thamani yake kiasi kwamba hata bei ya kutekwa anaipandisha mwenyewe.

Sasa hivi nikisoma naona kitu kingine. Meli ngapi maharamia wale waliwahi kukamata kabla ya ile? Wangapi walikaa siku 38 au zaidi bila kumtukana mtu, bila shairi, wanalia tu, na hakuna talanta hata moja iliyokuja kwa ajili yao? Hao hawana stori. Biashara ile ya kuteka watu haikuwa na tatizo lolote mpaka walipokosea mtu.

Na hapa ndo nafika kwa Odysseus, yule mfalme wa utenzi wa kale wa Kigiriki, Odyssey wa Homer, ambaye ndo kanikosesha usingizi.

Mnakumbuka, karudi nyumbani kwake Ithaca baada ya miaka 20, ukumbi wake umejaa wanaume 108 wanaomtaka mkewe na wanakula mali yake, na mungu Athena kambadilisha akawa mzee wa matambara, ombaomba. Njiani tu mchunga mbuzi anampiga teke la nyonga, na Odysseus anasimama anafikiria amuue au avumilie, anavumilia. Ndani anazunguka na mkono umenyooshwa kuomba kipande, na Antinous, yule mwenye mdomo kuliko wote, anachukua kibao cha kuwekea miguu anamtupia kinampata begani. Odysseus hatikisiki, anatingisha kichwa kimyakimya. Baadaye anakuja ombaomba mwingine, Irus, anataka kumfukuza, na wakubwa wanawapiganisha ili wacheke, na Homer anatuambia Odysseus alipima amuue kwa ngumi moja au ampige taratibu, akachagua taratibu wasije wakamshtukia, na hiyo taratibu yake ikamvunja mwenzie mfupa chini ya sikio. Nikifika hapo mwili unasisimka kila mara, kila mara.

Lakini kuna mstari mmoja, baada ya kile kibao kurushwa, ambao nilikuwa napita juu yake. Wale wanaume wengine, wabaya walewale, wanamgeukia Antinous wanamkemea. Wanamwambia umefanya vibaya kumpiga msafiri asiye na bahati, je kama ni mungu? Maana miungu huwa wanajigeuza wageni wanapita mijini kuangalia tabia za watu.

Je kama ni mungu. Basi. Hicho ndicho kilichowatisha. Hakuna hata mmoja ukumbini aliyeuliza, na kama ni ombaomba kweli? Kama ni mzee tu, hana upinde alioutundika popote, hana mke wa kifalme ghorofani, hana mtoto anayemsubiri na mikuki, mzee ana njaa kaja kuomba? Kibao kingekuwa ni halali?

Na mimi msomaji je? Maana ukweli ni kwamba mimi pia sijawahi kumhurumia yule mzee. Nilikuwa namsubiri mfalme aliyemo ndani yake. Stori ingekuwa inaishia pale, kapigwa, katoka nje, kalala kwenye jaa, ningeifunga nikasema haina maana.

Halafu nikaanza kuzipitia methali zetu kichwani usiku ule, nikitafuta hata moja ya kunitetea. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mdharau mwiba mguu huota tende. Nazipenda zote, nimezitumia zote, na zote zinaongea na yule mwenye mkono ulioinuliwa, zinamwambia angalia, yawezekana huyo ni simba. Hazimwambii usipige. Zinamwambia pima kwanza. Mpaka nikakumbuka ile ya mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, ambayo hata hiyo, ukiisikiliza vizuri, mnyonge kashanyongwa tayari.

Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza uonevu mashuleni kule Sweden na Norway miaka ya 1970, alivyoeleza uonevu ni nini aliweka mambo matatu, kuna nia ya kuumiza, kuna kurudiwa mara kwa mara, na nguvu hazilingani. Hilo la tatu nimelitafuna sana. Maana yake Caesar hakuonewa, wala Polyana Viana hakuonewa, wao walikosewa tu na mtu aliyekosea hesabu. Anayeonewa ni yule ambaye hesabu iko sahihi. Mbabe kaangalia, kapima, kaona huyu hana kitu, na kweli hana kitu. Kwa hiyo hizi stori zote ninazojifariji nazo zimemwacha nje mtu mmoja tu, na ni yule yule niliyekuwa mimi.

Sasa niseme kilichotokea, kwa sababu nimekizunguka vya kutosha.

Nikiwa fomu wani shule ya bweni, bweni letu lilikuwa na kama watu 40 na wababe walikuwa wanne. Wanne. Wanakuja usiku taa zikishazimwa, wanachagua kitanda. Kufua nguo zao hilo lilikuwa dogo, kubeba maji dogo, kulikuwa na kusimama kwenye stuli mpaka saa nane usiku unaimba, kulikuwa na mengine siwezi kuyaweka hapa. Mi nilichaguliwa muhula wa kwanza wote. Muhula wa pili katikati akaja mwanafunzi wa kuhamia, kijana mrefu mwembamba, haongei, kitanda chake kikawa pembeni ya changu. Siku ya pili nikaona wale wanne wameshaanza kumwangalia, na mi nilikuwa nayajua yale macho.

Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda sio ujasiri. Asubuhi kwenye mabomba, ambapo nilijua dogo wao wa kutumwa yuko ananisikia, nikamwambia rafiki yangu kwa sauti ya kama nanong'ona, kwamba yule mgeni kafukuzwa alikotoka kwa kumvunja mtu mkono, na kwamba baba yake anafundisha makomandoo. Niliitunga palepale, mswaki mdomoni. Jioni nikasikia ni mikono miwili. Kesho yake ana mkanda mweusi. Baada ya siku tatu nikaisikia inarudi kwangu toka kwa mtu wa bweni lingine kabisa, ikiwa na jina la mji na aina ya kisu, na aliyenisimulia akaniapia.

Hawakumgusa. Mwaka mzima hawakumgusa. Kule kutoongea kwake, ambako kungemmaliza, kukawa ndo ushahidi. Akikaa peke yake wanasema ona, anajizuia. Na yeye hakujua lolote, mwisho wa muhula tunafungasha aliniambia neno ambalo sijawahi kulisahau, aliniambia, unajua huku kwenu watu wana heshima sana.

Niliona fahari kubwa mno. Nilikuwa nimetunga stori ya kwanza katika zile nilizokuwa najitungia usiku, na imefanya kazi, kwenye maisha, kwa mtu mwingine.

Ila wale wanne hawakuacha kuja usiku. Walihama kitanda tu. Wakamchukua kijana mwingine, mfupi, mcheshi, aliyekuwa anaongea na kila mtu, na kila mtu anajua kwao wanafanya nini na wadogo zake wangapi na kwamba anaogopa giza, alitusimulia mwenyewe wiki ya kwanza kwa kutuamini. Kwake huwezi kupandikiza uvumi wowote, alishajieleza wote. Nilijaribu kufikiria uongo wa kumfunika nikakosa. Na nilivyokosa uongo nikakaa kimya, nikaona nimeshafanya kwa uwezo wangu. Alikuwa kitanda cha nne toka changu, nilikuwa naisikia stuli ikiburutwa. Nilikuwa napumua taratibu ili nionekane nimelala. Kabla muhula haujaisha mzazi akaja mchana wakati wa vipindi akamchukua, tuliporudi godoro halipo, kitanda kimebaki chuma.

Kuna utafiti wa Kanada, wa Hawkins, Pepler na Craig, ulitoka 2001, waliwarekodi watoto kwa kamera na vipaza sauti vidogo wakiwa kwenye viwanja vya shule. Katika matukio ya uonevu waliyoyanasa, asilimia 88 kulikuwa na watoto wengine wapo wanaona. Walioingilia ni asilimia 19. Na walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Nimezirudia hizo namba jana usiku mpaka nikaziota. Sekunde 10. Hao walikuwa watoto wadogo, sio makomandoo. Sisi tulikuwa 40. Nikijitoa mimi na yeye na wale wanne wanabaki 34 waliokuwa wanapumua taratibu.

Sijaacha kuzipenda hizi stori, na sitasema uongo kwamba nitaacha. Ila nimeanza kuchagua. Ya Odysseus siwezi tena kuimaliza kwa raha kama zamani, maana baada ya Antinous kupigwa na Odysseus mshale wa koo akiwa ameinua kikombe, mauaji hayaishi, yanafika mpaka kwa wajakazi 12 wananyongwa kwa kamba moja, na hakuna hata mmoja wao aliyerusha kibao. Ikishaanza haijui pa kusimama.

Ninayorudia sana siku hizi ni ya Tsukahara Bokuden, yule bingwa wa upanga wa Japani aliyefariki 1571. Inasimuliwa alikuwa kwenye mtumbwi na abiria wengine, na kijana mmoja mwenye upanga akawa anawatambia na kuwatisha watu, akamgeukia mzee aliyekaa kimya akamuuliza we unapigana kwa mtindo gani. Akamjibu, mtindo wangu ni wa kushinda bila mkono. Kijana akakasirika, akataka wapigane hapohapo. Bokuden akasema humu tutaumiza watu, twende kile kisiwa pale. Mtumbwi ulivyokaribia kijana akaruka nchi kavu kachomoa upanga, na Bokuden akachukua pondo akausukuma mtumbwi ukarudi majini, akamwacha amesimama pale. Abiria wote wakafika salama. Nakipenda hicho, kwamba jicho lake lilikuwa kwa abiria. Ndio, najua, na yeye alikuwa na upanga, na yeye alikuwa simba aliyelala, hata hii haijatoka nje ya ule ukuta. Ila angalau alipoulizwa wewe ni nani hakuona haja ya kujibu.

Yule wa kuhamia tulikutana mwaka jana, watu wazima sasa, nikamwambia kila kitu, uvumi, mabomba, makomandoo. Nilitegemea atacheka. Alikaa muda mrefu anaangalia meza, halafu akaniuliza, kwa hiyo walimchukua nani badala yangu? Nikamtajia jina. Akasema namkumbuka, alinionyesha darasa siku ya kwanza.

Namba ya yule mfupi nimeipata wiki iliyopita kwenye grupu la tuliosoma wote. Sijapiga. Nimeandika meseji nimefuta, nimeandika nimefuta, kila nikianza na salamu ndefu naona najificha nyuma yake. Leo asubuhi nimeiandika fupi. Nimetaja jina langu, nimemwambia kitanda changu kilikuwa cha nne toka chako upande wa dirisha, na zile usiku sikuwa nimelala. Imeenda saa tatu na dakika kumi. Mpaka sasa naandika hapa bado hajaifungua.